Vakansi ya Ulaya na watoto wadogo: afya itangulie masanduku

Julai shule zikishafungwa, familia nyingi za Lubumbashi zenye ndugu Ubelgiji au Ufaransa huanza kufunga mizigo. Katika huduma yetu ya watoto tunawapokea wazazi hao zikiwa zimebaki siku chache, pengine mbili tu, kabla ya ndege. Viza imepatikana, tiketi imelipwa, nguo mpya zimenunuliwa. Kilichobaki, wanatuambia, ni dawa kidogo za njiani. Kwa bahati mbaya mengi ambayo yangemlinda mtoto hayawezekani tena saa hiyo. Chanjo inataka siku za kufanya kazi mwilini, na mtoto mwenye ugonjwa wa kudumu anahitaji barua ya daktari ambayo haifai kuandikwa kwa haraka. Kwa hiyo ninaomba kila mtoto wa chini ya miaka 5 anayesafiri aletwe hospitalini au kwenye kituo cha afya wiki sita kabla ya safari, hata kama ni mzima na anacheza vizuri.

Mje na karte yake ya chanjo. Ifungueni mezani muisome pamoja na muuguzi, mstari kwa mstari. Mara nyingi tunakuta dozi ya tatu ya wiki 14 haikuandikwa, au tarehe imefutika kwa maji, au jina la mtoto limeandikwa tofauti na lilivyo kwenye pasipoti. Hayo yote hurekebishwa kwenye kituo kilichochanja, kwa sababu rejista iko pale. Ukishafika Liège, hakuna atakayeweza kukusaidia.

Chanjo mbili zinastahili maelezo zaidi. Ya kwanza ni ya homa ya manjano, ile yenye karte jone, yaani kadi ya njano ya kuthibitisha chanjo. Hapa kwetu mtoto huipata akiwa na miezi 9. Cheti chake huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano, na tangu Julai 2016 kinakubaliwa duniani kote kwa maisha yote, hata kama kwenye karte ya zamani iliandikwa miaka 10. Shida huja kwa watoto wachanga. Mtoto anayeondoka Luano, uwanja wetu wa ndege, akiwa na miezi 7 bado hajafikia umri wa chanjo hiyo. Akikaa Ulaya miezi mitatu, atarudi akiwa na miezi 10, na atakuwa ameshapita umri ambao nchi yetu inadai karte jone mlangoni. Itabidi achanjwe kule. Nchini Ubelgiji chanjo hiyo hutolewa kwenye vituo maalum vilivyoidhinishwa, kwa kulipia na kwa kupanga siku. Mzazi aliyejua hilo mapema huomba randevu wiki ya kwanza tu ya kufika, wala haingoji wiki ya kurudi.

Ya pili ni ya surua. Wazazi wengi wanadhani surua ni ugonjwa wa kwetu peke yetu, kwa sababu tunakumbuka mlipuko wa 2019 na 2020 uliotuulia watoto maelfu. Lakini mwaka 2024 ukanda wa Ulaya wa Shirika la Afya Duniani ulihesabu wagonjwa zaidi ya 127,000, idadi ambayo haikuonekana huko tangu 1997. Mtoto wa miezi 6 hadi 11 anayesafiri anaweza kupewa dozi moja ya ziada kabla ya kuondoka. Dozi hiyo haihesabiwi kwenye kalenda ya kawaida, kwa hiyo zile za kawaida zitafuata kwa umri wake bila kuruka hata moja.

Sasa nifike kwenye jambo linalonifanya niandike makala hii. Mtoto wa Lubumbashi anaweza kupanda ndege akiwa na malaria mwilini na asionyeshe dalili hata moja. Mbu aliyemuuma Katuba au Kampemba jioni ya mwisho kabla ya safari anaweza kuleta homa siku ya kumi, mtoto akiwa kwa shangazi yake Charleroi. Malaria yetu kwa sehemu kubwa ni ile aina iitwayo falsiparamu, inayoweza kumzidia mtoto mdogo ndani ya saa 24 au 48. Mara nyingi homa hiyo hutokea ndani ya mwezi wa kwanza tangu kuondoka, lakini hadi miezi mitatu bado tunaihesabu.

Hapa Lubumbashi mtoto akipata homa, muuguzi hachelewi: anachoma kidole, anaweka damu kwenye TDR, kile kipimo cha haraka cha malaria, jibu linatoka baada ya robo saa hivi. Kule daktari wa mtaani anaona watoto wengi wenye homa, na karibu wote wana mafua au virusi vingine vya kawaida. Akimwona mtoto wako anaongea Kifaransa safi, amevaa kama watoto wa pale, anaweza kukuandikia parasetamoli na kukuomba urudi baada ya siku tatu. Si uzembe, ni kwamba hakuambiwa mtoto ametoka wapi. Siku tatu kwa falsiparamu ni nyingi mno.

Kwa hiyo mzazi, au yeyote anayebaki na mtoto, ajizoeze kutamka sentensi hii kabla ya yote, hata kabla ya kueleza homa ilianza lini: «Mtoto ametoka Lubumbashi, Kongo, tulifika tarehe fulani, tunaomba apimwe malaria leo hii.» Iandikwe pia kwa Kifaransa kwenye karatasi na kubandikwa kwenye friji, kwa sababu homa huja siku ambayo mama ametoka na mtoto ameachiwa binamu wa miaka 17 asiyewahi kuona malaria maishani mwake. Kama mnafikia upande wa Flandria, ndugu wenyeji waiandike pia kwa Kiholanzi. Antwerp kuna Taasisi ya Tiba ya Tropiki ambayo imeshughulikia magonjwa ya Kongo kwa miaka mingi, na madaktari wa hospitali kubwa wanajua pa kupiga simu. Lakini watapiga tu kama umewataja Kongo. Usiku, au hali ikiwa mbaya, namba ya dharura ya Ulaya nzima ni 112. Kwa daktari wa zamu nchini Ubelgiji ni 1733.

Kuna wazazi wanaobeba vidonge vya malaria sandukuni na kumpa mtoto nusu kwa kukisia. Tafadhali msifanye hivyo. Dozi hufuata uzito, na nusu dozi hushusha homa kwa siku mbili huku ugonjwa ukiendelea na kipimo kikawa kigumu kusomeka. Kipimo kwanza, dawa baadaye. Parasetamoli ni halali kubeba. Mpime mtoto uzito wiki ya safari, na muuguzi akuandikie idadi ya mililita kwa uzito huo. Ukiishiwa na kununua nyingine kule, soma nguvu ya sirapu iliyoandikwa kwenye chupa, maana sirapu mbili za jina moja zinaweza kutofautiana. Ongezeni pakiti chache za SRO, ile chumvi ya kuchanganya na maji ya kunywa, kwa ajili ya kuhara. Dawa zote zibaki kwenye maboksi yake pamoja na ordonansi, karatasi ya daktari ya kuandikia dawa.

Watoto wa anemia SS

Familia zenye mtoto wa anemia SS, yaani selimundu, nazizungumzia peke yake, kwa sababu kwa mtoto huyo safari yenyewe ni mtihani. Ndani ya ndege hewa huwa kama ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400, na ni kavu sana. Lubumbashi yetu iko kwenye mita 1,200 hivi. Oksijeni ikipungua na maji yakipungua mwilini, maumivu ya mifupa yanaweza kuanza angani, ambako hakuna daktari. Mpe maji mara kwa mara bila kungoja aseme ana kiu, mvike soksi na sweta kwa sababu baridi ya ndege ni kali, na mtembeze kidogo kwenye ujia. Kule mtakapofikia, watoto wengine wakimwita kuogelea, kumbukeni kwamba maji baridi ya pisini ni moja ya mambo yanayoamsha krizi ya maumivu: aingie maji ya uvuguvugu, atoke mapema, akaushwe mara moja.

Barua yake ya daktari itaje kundi la damu, hemoglobini yake ya siku za kawaida, mara ya mwisho kuongezewa damu, dawa za kila siku kama penisilini na asidi ya foliki, na namba ya simu ya huduma inayomfuata. Bima nayo isomwe vizuri. Viza ya Schengen hudai bima ya angalau euro 30,000, lakini bima nyingi huandika kwa herufi ndogo kwamba hazilipi ugonjwa uliokuwepo kabla. Muulize wakala swali hilo waziwazi na akujibu kwa maandishi kabla hujalipa.

Kuhusu karatasi, nitagusa yale tu ambayo wazazi hutuuliza. Kwetu mtoto anaweza kubeba jina la babu, wala lisifanane na la baba wala la mama. Sisi hatushangai, lakini afisa wa mpaka wa Ulaya anaona mwanamke mwenye jina hili na mtoto mwenye jina lile. Beba asili ya cheti cha kuzaliwa na nakala yake. Kama mzazi mmoja anabaki, beba pia idhini yake ya maandishi iliyothibitishwa, kwa sababu hata DGM, idara ya uhamiaji, pale Luano inaweza kuiomba. Cheti hakipo? Sheria inatoa siku 90 za kuandikisha mtoto etasivili, ofisi ya kuandikisha vizazi. Zikipita lazima mahakama itoe hukumu ya kuziba pengo hilo, na hukumu haipatikani kwa wiki moja. Viza ya mtoto wa chini ya miaka 6 hailipiwi, na maombi yanaweza kupelekwa hadi miezi 6 kabla. Jambo moja la tiketi: mtoto anayetimiza miaka 2 akiwa kule hatarudi tena mapajani, atahitaji kiti chake.

Siku za kule

Kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba, saa ya Lubumbashi na saa ya Brussels ni moja, kwa hiyo mwili wa mtoto hauna saa za kukimbizana nazo. Lakini jua halifuati saa yetu. Hapa Julai giza linaingia karibu saa kumi na mbili jioni. Kule, mwanzoni mwa Julai, jua linazama karibu saa nne usiku. Mtoto wa miaka 3 aliyezoea kulala giza likiingia atabaki macho, atalia, atakataa chakula, na mama atadhani ni mgonjwa. Funga mapazia mazito, au tundika kitenge dirishani, mlaze kwa saa yake ya nyumbani. Siku chache zinatosha.

Watoto wetu wanaondoka katikati ya baridi ya kiangazi, wengine wamevaa koti, na wanaweza kuangukia joto kali ndani ya nyumba zilizojengwa kuhifadhi joto. Maji, kofia, kivuli cha mchana. Na mtoto asiachwe garini hata kwa dakika za kununua mkate. Akiwa ndani ya gari la familia Ubelgiji, mtoto wa chini ya sentimita 135 lazima awe na kiti chake maalum, kwa hiyo ndugu waazime kiti kabla hamjatua.

Kwenye majani marefu na misitu ya kule kuna kupe wadogo kama mbegu ya ufuta, na baadhi yao wana ugonjwa wa Lyme. Jioni baada ya kutembea porini, mvue mtoto nguo umkague nyuma ya magoti, kwapani, kinenani, nyuma ya masikio na kwenye nywele. Ukimkuta kupe, mshike kwa kibanio karibu kabisa na ngozi umvute taratibu moja kwa moja, bila mafuta wala moto. Andika tarehe. Kama katika wiki zinazofuata wekundu unaonekana na kupanuka, nenda kwa daktari.

Pisini ya bustani ya shangazi inanipa wasiwasi kuliko kupe. Mtoto mdogo huzama kimya, ndani ya maji yanayomfika kiunoni, watu wazima wakiwa wanakula pembeni. Apangwe mtu mzima mmoja wa kuangalia maji tu, bila simu, na wabadilishane zamu.

Mkirudi

Kinga kidogo ambayo mtoto hujenga kwa kuishi na malaria hupungua akiwa mbali nayo, na kwa aliye chini ya miaka 5 haikuwa kubwa tangu mwanzo. Chandarua kitundikwe kabla hajarudi, alale ndani yake usiku ule ule wa kufika, hata kama mvua za Novemba bado ziko mbali. Homa yoyote ya wiki za kwanza ipimwe siku hiyo hiyo.

Na kama mnarudi na binamu aliyezaliwa Ulaya kuja kumsalimia bibi, huyo ndiye aliye hatarini zaidi. Hana kinga hata kidogo, ingawa wazazi wake walikulia hapa Lubumbashi, kwenye mitaa ya Kenya au Ruashi, na wanajiona wenyeji. Anahitaji karte jone na dawa ya kuzuia malaria iliyoandikwa na daktari wa kule kulingana na uzito wake. Ile ya atovakoni na proguanili huweza kutolewa kuanzia kilo 5: huanzwa siku moja au mbili kabla ya kuja, humezwa kila siku pamoja na chakula au maziwa, na huendelea siku 7 baada ya kurudi Ulaya. Siku hizo 7 ndizo zinazosahaulika, basi mama yake azihesabie vidonge kabisa tangu anaponunua boksi.