Hewa Ukaa Kugeuzwa Jiwe: Je, Miamba ya Kigoma Inaiweza?

Wanaoishi kando ya Ziwa Kivu, upande wa Goma, wana neno mazuku. Ni hewa nzito isiyoonekana, inayotuama mabondeni na kwenye mashimo ya lava. Mbuzi akishuka humo kula majani hapandi tena, na mtoto akimfuata yanamkuta yale yale. Sehemu kubwa ya hewa hiyo ni hewa ukaa (kaboni dioksidi) inayotoka ardhini. Neno hilo limefika Kigoma na watu waliovuka Ziwa Tanganyika, ndiyo maana tulipokuwa mwaloni Kibirizi tukieleza habari za kuhifadhi hewa ukaa chini ya ardhi ili isiongeze joto la dunia, mama mmoja muuza dagaa alinyoosha mkono kabla sijamaliza. "Mnataka kutuletea mazuku?"

Tulikwenda kutoa elimu tu, hatukuwa na mradi wowote mfukoni. Lakini swali lake ndilo hasa linalopaswa kuulizwa, na linastahili jibu refu kuliko nililompa siku ile.

Hofu yake ina msingi. Usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos nchini Kamerun lilifoka hewa ukaa iliyokuwa imeyeyuka kwenye maji ya kilindini. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, ilishuka mabondeni hadi vijijini, na zaidi ya watu 1,700 wakafa, wengi wakiwa usingizini. Ziwa Kivu nalo limebeba gesi nyingi chini yake. (Maji yanayotufikia kutoka huko kwa Mto Ruzizi ni ya juu, si yale ya kilindini, kwa hiyo ziwa letu lisihofiwe kwa sababu hiyo.) Kote huko gesi ilibaki kuwa gesi. Imebanwa tu, kama ile ya ndani ya chupa ya soda, na kizibo kikifunguka inatoka.

Njia ninayoieleza hapa inaigeuza gesi hiyo kuwa jiwe.

Nchini Iceland, kwenye kituo cha umeme wa jotoardhi cha Hellisheiði, watafiti wa mradi wa CarbFix waliingiza tani 175 za hewa ukaa ardhini kati ya Januari na Machi 2012. Waliiyeyusha kwanza kwenye maji, wakayapeleka mita mia kadhaa chini, ndani ya mwamba wa basalti, ule mweusi unaotokana na lava iliyopoa. Maji yenye hewa ukaa ni mazito kidogo kuliko maji matupu, hivyo huelekea chini, hayapandi. Tena yana ukali wa tindikali, na huanza kuula mwamba. Takriban robo ya uzito wa basalti ni kalsiamu, magnesiamu na chuma. Vitu hivyo vinapomeguka na kuingia kwenye maji hukutana na kaboni, vikashikana nayo na kuganda kuwa madini meupe jamii ya chokaa. Aliyewahi kuchemsha maji ya kisima chenye chumvichumvi ameona utando mweupe ulioganda chini ya birika. Huo ni ndugu wa karibu wa kinachotokea huko chini.

Wengi walidhani kazi hiyo ingechukua mamia au maelfu ya miaka. Mwaka uliofuata, pampu iliyokuwa ikivuta maji ya vipimo kwenye kisima cha jirani ilikwama. Walipoitoa waliikuta imefunikwa na kalisaiti, yaani chokaa ile ile. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba zaidi ya asilimia 95 ya hewa ukaa iliyoingizwa iligeuka madini katika muda usiozidi miaka miwili. Huko Wallula, jimbo la Washington nchini Marekani, karibu tani 1,000 ziliingizwa kwenye basalti mwaka 2013 bila kuyeyushwa kwenye maji kwanza, na huko pia sehemu kubwa ikaganda ndani ya miaka miwili. Kalisaiti haipumui wala haifoki. Ukitaka kuirudisha kuwa gesi lazima uichome kwenye tanuru, kama wachoma chokaa wanavyofanya, au uimwagie tindikali.

Hatari haijaisha kabisa, na sitaki kumficha mama yule. Kabla ya kufika mwambani, hewa ukaa hunaswa, hushindiliwa na kupitishwa kwenye mabomba, na hapo bado ni gesi. Februari 2020, karibu na mji mdogo wa Satartia, jimbo la Mississippi, bomba la namna hiyo lilipasuka na watu wapatao 45 wakapelekwa hospitali. Kwa hiyo mazuku, kama yatatokea, yatatokea juu ya ardhi kwenye bomba au kwenye mdomo wa kisima. Kwa maoni yangu, macho na vipimo viwekwe hapo kwanza.

Sasa tuje nyumbani. Tabora nitaipita haraka: majabali yake ni granaiti ya zamani sana, yenye zaidi ya miaka bilioni 2.5. Granaiti ina kalsiamu na magnesiamu kidogo, na haina vitundu vya kupitisha maji ila kwenye nyufa. Haifai kwa kazi hii.

Kigoma ina habari tofauti, na hapa moyo wangu unachangamka kila mara. Mkoani humo kuna lava tunazoziita lava za Gagwe, zilizomwagika takriban miaka milioni 800 iliyopita. Ni jamii ya basalti. Ukivunja kipande cha lava ya aina hii utaona madoa yenye ukubwa wa punje ya mchele au kunde. Kila doa lilikuwa povu la gesi wakati lava ikipoa. Baadaye maji ya moto yalipita, yakaacha madini ndani ya povu lile: kwatsi, kloraiti, na mara nyingine kalisaiti. Kwa hiyo kabla binadamu hajatembea duniani, mwamba wa namna hii ulishajua kufungia kaboni ndani yake.

Tatizo limejificha humo humo. Vitundu vilivyojaa havina nafasi ya kupokea kitu kingine. Basalti ya Iceland ni changa, ina matundu na nyufa nyingi, maji hupita ndani yake. Lava iliyozikwa na kubanwa kwa miaka milioni 800 huwa imeziba. Huenda nyufa za Bonde la Ufa zimeifungua sehemu fulani, lakini jambo hilo haliamuliwi kwa kutazama ramani. Lazima kuchimba, kutoa kipande cha mwamba na kukipima.

Kisha kuna maji. Kwa njia ya CarbFix, tani 1 ya hewa ukaa huhitaji takriban tani 25 za maji. Ukiwa Kibirizi, umeligeuzia ziwa mgongo, unaweza kuona ni jambo dogo. Nenda kawaambie watu wa Tabora, ambao maji ya Ziwa Victoria yamewafikia kwa bomba la kilomita nyingi, uone watakavyokutazama.

Na kiasi kinachohifadhiwa bado ni kidogo sana. Mtambo wa Mammoth wa kunasa hewa ukaa angani, uliozinduliwa Iceland mwaka 2024, umeundwa kunasa hadi tani 36,000 kwa mwaka. Dunia, kwa kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi, hutoa takriban tani bilioni 37 kwa mwaka. Sisi wa Ziwa Tanganyika tumeshaanza kulipa deni hilo ambalo hatukulikopa: utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kuwa joto limepunguza uzalishaji wa ziwa kwa kiasi cha kushusha mavuno ya samaki kwa takriban asilimia 30, kwa sababu maji ya juu yakipata joto hayachanganyiki vizuri na ya chini yenye rutuba. Wauza dagaa wanalijua hilo kwa ndoo zao. Ndiyo maana sikubali mtu aseme kwamba miamba itatusafishia kila kitu huku moshi ukiendelea, au kwamba miombo sasa ikatwe tu. Wilayani Tanganyika, jirani zetu wa Katavi, vijiji vinavyolinda misitu ya milima ya Ntakata vinalipwa fedha za kaboni kwa miti iliyosimama, bila kuchimba kisima hata kimoja.

Basi akija mtu kijijini kwako na karatasi ya kuhifadhi kaboni chini ya ardhi, mwambie aweke mezani kipande cha mwamba alichokitoa kwenye kisima cha majaribio, pamoja na vipimo vyake. Muulize maji atayatoa wapi, na kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika kiko wapi. Tathmini ya athari kwa mazingira ipite NEMC, chombo cha serikali kinachosimamia mazingira, na isomwe kwa Kiswahili mbele ya mkutano mkuu wa kijiji kabla ya mhuri wowote kugongwa. Muulize pia nani atapima hewa kwenye mdomo wa kisima usiku, watu wakiwa wamelala, na simu ya nani italia kipimo kikipanda.