Si kila kopo lina mnunuzi

Nanunua makopo ya plastiki kwa kilo, nayachambua, kisha nayauza kwa wenye mashine za kusaga. Waokota makopo hawanisumbui hata kidogo. Wanajua kipi kinauzika, maana ndicho kinachowapa ugali. Wanaonichosha ni watu wa majumbani, wenye nia njema kabisa, wanaokusanya kila kitu kwenye kiroba na kuniletea. Nikiwarudishia nusu ya mzigo wananuna. Kisha mmoja anageuza kitako cha bakuli, ananionyesha kwa kidole: "Kaka, mbona hii ina alama?"

Alama hiyo ni ile pembetatu ya mishale. Watu wanaamini kwamba plastiki yenye pembetatu lazima inarejelezwa. Si kweli. Namba iliyo katikati ya mishale inataja aina ya plastiki, basi. Chama cha wenye viwanda vya plastiki Marekani ndicho kilichoianzisha mwaka 1988 ili wachambuaji wajue wameshika nini. Haikuahidiwa popote kwamba kuna kiwanda cha kuipokea, sembuse mnunuzi mtaani kwako. Mkanganyiko ulizidi hadi mwaka 2013 wasimamizi wa kiwango hicho wakaiondoa mishale na kubakiza pembetatu tupu, lakini vyombo vyenye mishale bado vimejaa madukani.

Sasa tuseme nini kinanunulika. Namba 1 ni chupa za maji na soda, na zisizo na rangi ndizo zenye bei. Namba 2 ni madumu na chupa za shampuu. Namba 5 ni ndoo, mabeseni na makopo ya siagi. Biashara yangu imekaa hapo. Namba 3, yaani PVC, plastiki kama ya mabomba ya maji, sitaki hata kuiona. Kipande kidogo chake kikiingia kwenye mzigo wa namba 1 na kuyeyushwa pamoja, kinatoa asidi inayoharibu na kugeuza rangi mzigo mzima. Vile vibakuli vyeupe vya povu vya kubebea chipsi ni namba 6, na sehemu kubwa yake ni hewa: ukijaza kirikuu, mizani inakucheka. Pakiti za biskuti, za krispi na za sabuni ya unga zina tabaka za plastiki za aina tofauti, nyingine na foili juu yake, zilizogandishwa pamoja. Kuzibandua kunagharimu kuliko thamani yake, kwa hiyo kwangu ni takataka kama ilivyo kwako.

Hata chupa ya maji si kitu kimoja. Kiwiliwili chake ni namba 1, kifuniko ni aina nyingine, na lebo nayo mara nyingi ni nyingine. Ikisagwa na kumwagwa majini, vipande vya chupa vinazama na vya kifuniko vinaelea, ndivyo vinavyotenganishwa. Halafu usidhani chupa lazima izaliwe upya chupa. Nyingi zinaishia kuwa nyuzi za polyesta, na nguo ya polyesta ikichakaa haina mnunuzi, inakwenda dampo la Pugu, Dar es Salaam, na taka nyingine. Watafiti waliopiga hesabu ya plastiki yote iliyowahi kutengenezwa duniani hadi mwaka 2015 walikuta kwamba katika ile iliyogeuka taka, asilimia 9 tu ndiyo iliyorejelezwa.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi, mnunuzi wa makopo, nitakwambia uanzie dukani. Usicholeta nyumbani hakikuhitaji wewe wala mimi. Anza na vipakiti vidogo vya sabuni, maana ndivyo visivyo na pa kwenda. Najua kwa nini vinanunuliwa: hela inapatikana kwa siku, na ya siku inatosha kipakiti. Lakini wapangaji wa nyumba moja wakichanga wakanunua mfuko mkubwa, kila mmoja akapimiwa kwenye kopo lake, plastiki inapungua sana na mara nyingi bei kwa kilo inashuka. Mafuta ya kula tayari yanauzwa ya kupima. Tatizo ni kwenda mikono mitupu na kufungiwa kwenye nailoni. Beba kichupa chako.

Kuna maneno mengine ninayoyasikia kwa watu, niyamalize haraka.

"Mfuko mbadala ni kitambaa." Hapana. Ile mifuko ya rangi rangi iliyoenea baada ya Tanzania kupiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019 imetengenezwa kwa polipropilini, namba 5 ile ile ya ndoo. Itazame vizuri, haijafumwa, nyuzi zake zimebanwa kwa joto. Serikali ya Uingereza ilishafanya hesabu kuhusu mchango wa mifuko katika ongezeko la joto duniani: mfuko wa namna hiyo utumike angalau mara 11 ndipo uwe na nafuu kuliko ule mwembamba wa kutumia mara moja. Wa pamba, mara 131! Ukiwa na mifuko arobaini chini ya sinki na bado unanunua mwingine kila ukienda gengeni, hujapunguza kitu. Kapu la ukindu la bibi linatosha.

"Nikichoma, imekwisha." Imekwenda mapafuni mwako. Plastiki ikiungua kwenye moto wa uani inatoa masizi na sumu, na ikiwa ni namba 3 inatoa pia dayoksini, sumu kali mno. Wanaowashia mkaa kwa nailoni, kisha wakabandika sufuria ya uji wa mtoto, sina la kuwaambia zaidi ya kwamba karatasi na vijiti bado vipo.

"Plastiki hii inaoza yenyewe." Nyingi zinazoitwa hivyo zinavunjika vipande vidogo tu, na Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku mwaka 2021. Nyingine zinahitaji mtambo wa mboji wenye joto la nyuzi 60 hivi. Shimo lako la taka halifiki huko. Na mimi sizinunui, zinaniharibia mzigo.

Ushauri wangu ninaoupenda, ambao mke wangu ameuchoka, ni kopo la buchani. Chukua kopo la siagi lenye mfuniko, lioshe, nenda nalo kununua nyama. Muuza nyama akilalamika kuhusu uzito, mwambie aliweke tupu kwenye mizani kwanza kisha apunguze uzito huo. Samaki vilevile. Nailoni yenye damu hakuna anayeinunua, na mbwa wa mtaa wanaitapanya usiku huo huo.

Na ukija kwangu na chupa, zioshe na uzikanyage zibonyee. Za mafuta ya taa baki nazo.