"Ni mdogo, akitaka ataacha kesho"

Hivyo ndivyo tunavyosema kuhusu kijana aliyeanza sigara juzi. Si kweli. Nikotini, kemikali ya tumbaku inayomnasa mvutaji, hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache, na ubongo wa kijana, unaoendelea kukua hadi miaka kama 25, huizoea haraka. Wengine hunaswa hata kabla hawajafikia kuvuta kila siku.

Kwa hiyo fimbo na kumwaibisha mbele ya wageni havimwachishi. Vinamfundisha kujificha tu, na mwenye msongo nyumbani ndiye huirudia sigara upesi zaidi.

Achague mwenyewe siku ya kuacha. Siku 3 za mwanzo huwa ngumu mno: hasira, usingizi wa kukatikakatika. Lakini kila hamu ikimjia hupita baada ya dakika chache. Anywe maji, atafune karanga, atembee. Abadili na njia, asipite kwenye kile kibanda chenye kiberiti cha gesi kilichoning'inizwa kwa kamba, kinachouza sigara moja moja (Kenya sheria ya 2007 inakataza, ila bado zinauzwa). Akiteleza akavuta moja, aendelee na safari palepale, na mkubwa anayemwamini amuulize kila jioni, bila kufoka: "Leo imekuwaje, mwanangu?"