Maana ya kuiwasha mfululizo mosfeti ya upande wa chanya

Swichi ya upande wa chanya ni ile inayokaa kwenye waya mwekundu, kati ya paneli ya sola na betri inayochajiwa, ili waya wa hasi ubaki mzima na utumiwe kwa pamoja na saketi yote. Kazi hiyo mara nyingi hupewa mosfeti (transista inayotumika kama swichi) ya chaneli N, ambayo kwa kipande cha silikoni cha ukubwa uleule huwa na ukinzani mdogo kuliko ya chaneli P. Ugumu wake ni kuiwasha, na zaidi ya hapo, kuiacha ikiwaka saa nzima bila kukatisha.

Mosfeti haijali geti, yaani mguu wake wa kuamuru, ina volti ngapi ukipima kutoka hasi. Inachojali ni tofauti kati ya geti na sosi, yaani mguu ambao hapa umeme hutokea kwenda kwenye betri, na zile za kawaida hupitisha umeme kikamilifu pale geti inapoizidi sosi kwa volti 10 hivi. Sosi nayo imeungwa kwenye chanya ya betri. Betri ya volti 12 inayokaribia kujaa husoma kama volti 14.4, kwa hiyo geti inadai takriban volti 24, na volti hizo hazipo popote kwenye saketi: hata paneli, ambayo bila mzigo huonyesha volti 21 hivi, hushuka hadi volti ya betri mara tu mosfeti inapowaka.

Wengi hukimbilia aisii (chipu) ya kuendesha geti kama IR2110, ambayo hutegemea kapasita ndogo, yaani kijenzi cha kuhifadhi chaji, inayojazwa kupitia dayodi, kijenzi kinachopitisha umeme upande mmoja tu, kila sosi inaposhuka karibu na hasi. Kwenye inveta mbinu hiyo hufaa, kwa sababu sosi hupanda na kushuka maelfu ya mara kwa sekunde. Kwenye kuchaji, betri huishikilia sosi juu, kapasita haipati nafasi ya kujaa, na hata chaji kidogo iliyomo huvuja. Aisii yenye kinga ya volti kushuka, kama IR2110, hapo huizima mosfeti; isiyo na kinga hiyo huiacha ikiwaka nusunusu. Ampea 10 zikipita kwenye miliomu 10 hutoa joto la wati 1 tu, lakini mosfeti ileile ikiangusha volti 3 hutoa wati 30, ikaungua, na lawama ikaiendea mosfeti kwamba ni feki.

Dawa ninayoiona bora ni pampu ya chaji, yaani saketi ndogo inayojiendesha yenyewe, ikitumia kapasita na dayodi kupandisha volti ya geti muda wote. Mkondo wake ni mdogo mno, kwani geti iliyokwisha kujaa haili karibu chochote. Kwa ampea chache, chaneli P ni rahisi zaidi, kwa kuwa geti yake huvutwa tu kuelekea hasi. Katika hali zote mbili, dayodi ya zena (inayozuia volti kupita kiwango fulani) kati ya geti na sosi ni ya lazima, maana mosfeti nyingi hazivumilii zaidi ya volti 20 hapo.

Tena, ndani ya kila mosfeti mna dayodi isiyozimika, na usiku betri huweza kurudisha umeme kwenye paneli kupitia humo. Ndiyo maana huwekwa mosfeti mbili zilizounganishwa sosi kwa sosi, geti zao zikiendeshwa na pampu moja.