Dramu za Sampuli na Mpiga Dramu wa Studio

Dramu za sampuli ni sauti za dramu halisi zilizorekodiwa pigo mojamoja, au kwa vipande vifupi vya mdundo, na kuhifadhiwa ili mtayarishaji wa muziki azipange upya katika wimbo mwingine. Mpiga dramu wa studio ni mwanamuziki anayealikwa kupiga kwa ajili ya rekodi fulani. Maana hizo hazina ugumu. Kinachosumbua ni mazoea ya kuziita dramu zote ambazo hazikupigwa wakati wimbo unarekodiwa "dramu za mashine", kana kwamba hakuna binadamu aliyewahi kuzigusa.

Mazoea hayo yanachanganya njia mbili ambazo zilitofautiana waziwazi tangu mwaka 1980, zilipotoka mashine mbili za midundo zisizofanana kabisa. Roland TR-808 huzalisha sauti zake kwa saketi za umeme, bila dramu yoyote kupigwa, na kiki yake, yaani sauti ya ngoma kubwa ya mguu, yenye besi ndefu inayovuma inapendwa kwa sababu hiyohiyo. Linn LM-1, iliyobuniwa na Roger Linn, ilikuwa mashine ya kwanza ya midundo kutumia sampuli za kidijitali za dramu halisi, kwa hiyo sneya, yaani ngoma ndogo yenye mlio mkali, inayosikika ndani yake iliwahi kupigwa na mtu mbele ya maikrofoni. Mwaka 1983 ikaja TR-909 ya Roland, ambayo ngoma zake ni za umeme ilhali matoazi yake ni sampuli. Anayeziita zote kwa jina moja anafuta jasho la mpigaji aliye ndani ya sampuli.

Na jasho hilo limefutwa kweli. Clyde Stubblefield, mpiga dramu wa mwimbaji wa Marekani James Brown, alirekodi mwaka 1969 mdundo wa "Funky Drummer", ambao vipande vyake vimetumika katika nyimbo nyingi mno za hip-hop, lakini kwa kuwa hakuandikwa kuwa mtunzi, mirabaha ya utunzi haikumfikia. Waliozisikia nyimbo hizo wakasema ni biti ya kompyuta walikuwa wakimsikia yeye.

Sampuli ina upungufu wake, nao uko mahali pengine. Huhifadhi sauti ya pigo, ila uamuzi wa kupiga, yaani lini na kwa nguvu gani, huachiwa anayepanga. Mpiga dramu aliye studioni humsikiliza mwimbaji, akapunguza nguvu maneno yanapokuwa mazito, akachelewesha sneya kidogo sana pale besi inapotaka nafasi. Sampuli moja ikirudiwa harakaharaka bila kubadilika, sikio huitambua mara moja. Ndiyo maana maktaba nzuri za sampuli hurekodi kila ngoma kwa viwango vingi vya nguvu, na ndani ya kila kiwango huweka mapigo kadhaa yanayopokezana. Katika MIDI, yaani mfumo wa kidijitali wa kuandika mapigo na noti kwa namba, nguvu ya pigo huandikwa kwa namba isiyozidi 127, na mtayarishaji akiacha mapigo yote kwenye namba moja, kisha akayanyoosha yote kwenye mstari wa saa ya kompyuta, uhai unaopotea hapo umeondolewa na mkono wake mwenyewe.

Tena mpaka kati ya pande hizi mbili hauko wazi kama wengi wanavyodhani, kwa sababu mafundi sauti wengi huchanganya sampuli na kiki au sneya iliyopigwa studioni ili kuipa uzito, na wimbo unaosifiwa kwa "dramu halisi" huweza kuwa na zote mbili kwa pamoja.

Kwa hiyo anayeona wimbo umepoa asiharakishe kusema kwamba dramu zake ni bandia. Aseme kwamba mapigo yamenyooshwa kupita kiasi, au kwamba yote yana nguvu moja, na lawama itamfikia aliyeyapanga.