Tamthilia Haiishii Kitabuni: Istilahi na Historia Fupi kwa Anayeanza

Muulize mwanafunzi wa mwaka wa kwanza tamthilia ni nini, atakutajia kitabu alichokisomea mtihani wa kidato cha nne. Amepata nusu. Kitabuni mna andiko; mchezo wenyewe huzaliwa pale watu wanapousimamisha mbele ya watu wengine. Tangu sanaa hii ilipoanza kuandikwa kwa Kiswahili, imekuwa ikivutwa huku na huku kati ya andiko na uwanja, na istilahi zake nyingi ndipo zinapopata maana.

Tuanze na wanaochanganywa kila muhula: mwigizaji na mhusika. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, aliyegawa maji ya dawa na kunyongwa na Wajerumani mwaka 1905 vita vya Maji Maji vilipoanza, ni mtu wa historia. Kinjeketile wa tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa mwaka 1969 ni mhusika, na mtunzi mwenyewe ametahadharisha kwamba huyu ni kiumbe wa ubunifu wake. Kijana anayevaa maleba, yaani mavazi ya mchezo, na kupanda jukwaani jioni hii ndiye mwigizaji. Mwongozaji, ambaye kitabuni humwoni kabisa, ndiye anayeamua kijana huyo aingilie upande gani, anyamaze kwa muda gani kabla ya kujibu, na taa zimwache lini. Maneno yaliyo kwenye mabano au kwa herufi za mlazo ni maelekezo ya jukwaani. Wanafunzi huyaruka wakikimbilia majibizano, kumbe mara nyingi humo ndimo mtunzi alimoficha kitendo kikubwa.

Mgogoro nao si ugomvi tu. Katika tamthilia hiyohiyo, makabila yaliyogawanyika yanaunganishwa na imani kwamba maji yatazuia risasi. Imani hiyo ndiyo nguvu yao, na ndiyo itakayowaua. Mwishoni Kinjeketile anatakiwa na Wajerumani atangaze kuwa maji yalikuwa uongo, naye anakataa. Hapo tuna tanzia kamili. Wengi hufundishwa kwamba tanzia ni mchezo unaoishia kwa kifo. Mimi naona tafsiri hiyo ni ya kivivu. Kinachohitajika ni mtu mwenye hadhi anayesukumwa na jambo lililomo ndani yake hadi kwenye anguko lake, kama Wagiriki wa Athens walivyolicheza zaidi ya miaka 2,400 iliyopita. Ramsa huchekesha, na mambo humalizikia pazuri.

Kabla ya vitabu palikuwa na nini? Palikuwa na ngoma, jando na unyago, majigambo ya Wahaya, yaani tungo za kujisifu, na utambaji wa hadithi ambamo msikilizaji huitikia na hata kumkatiza fanani, yaani mtambaji mwenyewe. Wataalamu bado wanabishana kama haya yote yaitwe drama. Ubishi huo hutegemea sana kipimo unachokitumia, na kipimo cha jukwaa lenye pazia kilikuja na wakoloni. Dar es Salaam ikapata Little Theatre mwaka 1947, Nairobi ikafungua Kenya National Theatre mwaka 1952, na kwa muda mrefu kumbi hizo zilikuwa za Wazungu na michezo yao. Mitaani na mashuleni vikashamiri vichekesho, michezo mifupi isiyoandikwa, iliyomcheka sana mtu wa shamba aliyebabaishwa na mambo ya mjini. Tamthilia ya Kiswahili iliyochapishwa ilichelewa: ya Henry Kuria, iliyotoka Kenya mwaka 1957, ni miongoni mwa za kwanza kabisa.

Uhuru ulipokuja, kasi ikabadilika. Mwalimu Nyerere alichapisha tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare mwaka 1963. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Mathias Mnyampala akaeneza ngonjera, mashairi ya kujibizana ambamo asiyejua hupingana na anayejua mpaka wakubaliane. Kama drama, ngonjera ina udhaifu wake, kwa sababu mshindi anajulikana tangu ubeti wa kwanza. Lakini iliwapandisha jukwaani watoto wengi wa shule ambao wasingefika Little Theatre maishani mwao.

Waliofuata walirudi uwanjani kwa makusudi. Penina Muhando, katika Nguzo Mama ya 1982, alimweka msimulizi wa kike mbele ya hadhira huku wanawake wa kijiji cha Patata wakihangaika kuisimamisha nguzo. Msimulizi wa namna hii hamwachi mtazamaji asahau kwamba anatazama mchezo. Mapema katika miaka hiyo ya 1980, Muhando na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda Malya, mkoani Mwanza, bila andiko lolote. Waliwauliza wanakijiji shida yao, na likajitokeza suala la mimba za wasichana wadogo. Mchezo ukatungwa na wanakijiji wenyewe, kwa ngoma na maigizo yao, na baada ya onyesho watu wakabaki wakijadiliana. Kazi ya aina hii huitwa sanaa za maonyesho kwa maendeleo, na ndani yake mtunzi, mwigizaji na hadhira huweza kuwa mtu yuleyule mchana mmoja.