Mji Janja Hupimwa Siku Mtandao Umekatika

Mwanzoni mwa Mei 2024, sisi tunaoishi Mtwara na Lindi tulipata funzo mara mbili ndani ya siku chache. Kimbunga Hidaya kilifika Kisiwa cha Mafia tarehe 4, na mvua zilizoambatana nacho zikaikata barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kuja Lindi katika maeneo ya Kilwa. Tarehe 12, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom, yaani nyaya za chini ya bahari zinazotuletea intaneti, ikapata hitilafu, intaneti ikadorora nchini kote na kwa baadhi ya majirani zetu. Mimi ambaye kazi yangu ni kusanifu mifumo ya taarifa za miji, tangu hapo sijaweza kuandika pendekezo lolote la mji janja, yaani mji unaoendesha huduma zake kwa vihisi na mitandao ya kompyuta, bila kuanza na swali la nini kitabaki kikifanya kazi iwapo barabara, umeme na intaneti vitapotea kwa pamoja.

Miaka kadhaa nyuma nilishiriki kutengeneza programu ya simu ya kutoa tahadhari za mafuriko. Tulipoipeleka Mikindani, mkoani Mtwara, bibi mmoja alitusikiliza kwa utulivu mpaka mwisho, kisha akasema, "Wanangu, simu yangu ni kitochi, na chaji naipata kwa jirani. Mvua ikizidi, anayekuja kunigongea mlango ni mjumbe wa shina." Tulikuwa tumeanza na kifaa, tukamtafutia mtumiaji baadaye. Kosa hilo lilikuwa letu, na ninaliona likirudiwa katika miradi mingi.

Mfumo ulio himilivu hufifia hatua kwa hatua badala ya kuzimika kwa mpigo. Chukua kihisi cha kina cha maji kilichofungwa kwenye mfereji: kiwe na betri inayochajiwa kwa jua, kitunze vipimo vyake chenyewe, na intaneti ikikosekana kitume ujumbe mfupi wa maneno, kwa kuwa ujumbe wa ndani ya nchi hauhitaji kupita kwenye mkongo wa baharini. Minara ya simu nayo ikizimika, kazi ihamie kwa watu waliokwisha kupangiwa zamu, yaani mwenyekiti wa mtaa, wajumbe wake na vipaza sauti vya misikiti, wakiwa na orodha ya karatasi inayoonyesha nyumba zenye wazee, wagonjwa na watoto wachanga. Orodha hiyo ni sehemu ya teknolojia sawasawa na seva, na inastahili bajeti ya kuihuisha kila msimu. Bahati nzuri, operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 ilitupatia msingi wa kuiandaa.

Orodha ya namna hiyo, hata hivyo, ni siri za watu. Huko Toronto, Kanada, mradi wa kampuni ya Sidewalk Labs wa kujenga mtaa uliojaa vihisi uliachwa Mei 2020. Kampuni ilitaja hali ya uchumi isiyotabirika, lakini kwa muda mrefu wakazi walikuwa wamehoji nani atamiliki taarifa zao. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kwa maoni yangu, mkazi wa Mikindani au wa Ng'apa kule Lindi aelezwe kwa Kiswahili chepesi taarifa zake zinatunzwa wapi na anayeruhusiwa kuzisoma ni nani, kabla hata nguzo ya kwanza haijachimbiwa.

Siku hizi nikiombwa kukagua mfumo wowote wa tahadhari, huomba intaneti izimwe kwa saa 24, tahadhari ya majaribio itolewe, kisha naenda kwa miguu hadi nyumba ya mwisho ya mtaa, nabisha hodi, na kumuuliza mwenye nyumba kama taarifa imemfikia, saa ngapi, na kwa kinywa cha nani.